Mazao Yatambaayo na Suala la Muda Katika Vibanja vya Kagera

Msafiri atokaye Bukoba mjini kuelekea Muleba, kwa kupitia Kemondo na Muhutwe, hupita kati ya vibanja ambavyo mpangilio wake ni wa kale. Juu ni migomba. Chini ya migomba ni mibuni ya robusta. Chini ya mibuni ni maharage, na juu ya udongo wote yametandazwa majani makavu na nyasi zilizokatwa katika rweya, ule uwanda wa nyasi ulio nje ya makazi. Mpangilio huu umewalisha Wahaya kwa vizazi vingi. Hata hivyo, tangu mwishoni mwa karne iliyopita umepata misukosuko mizito. Mwaka 1997 uligunduliwa mkoani humo mnyauko fusari wa mibuni, na kabla ya muongo mmoja kupita ukaingia mnyauko wa bakteria wa migomba. Isitoshe, kibanja kilichokuwa cha babu mmoja leo kimegawanywa kwa wajukuu wanne au watano, na sehemu ya kila mmoja ni ndogo.

Kwa hiyo si ajabu kwamba watu wanatafuta zao jingine. Sifa zinazotakiwa zinajulikana. Liwe zao lisilohitaji ardhi kubwa. Liwe jepesi kubeba, kwa kuwa kutoka Bukoba hadi bandari ya Dar es Salaam ni zaidi ya kilometa 1,300 kwa barabara. Na liwe na bei kubwa kwa kilo. Mimea itambaayo juu ya nguzo au miti huvutia kwa sababu hiyo hiyo: hupanda juu badala ya kutanuka, na mkulima mwenye robo eka huona kwamba naye amepata shamba. Miongoni mwa mimea ya namna hiyo, mmoja hutajwa kwa sababu ya bia, nao ni hopsi. Mwingine umekwisha kuingia vibanjani, nao ni vanila. Yafaa mimea hii miwili itazamwe pamoja, kwa kuwa kosa ambalo mkulima anaweza kulifanya katika mmoja linafanana sana na lile ambalo tayari limefanywa katika mwingine.

Wazo la kulima hopsi si la kipuuzi. Bia ya kiwandani imetengenezwa Afrika Mashariki tangu mwaka 1922, ilipoanza huko Kenya, na muda wote huo hopsi imekuwa ikiletwa kwa meli. Shayiri ilianza kulimwa humu humu. Tanzania hupandwa katika nyanda za Arusha, Kilimanjaro na Manyara. Nchini Uganda watafiti wa Serere walitoa aina ya mtama iitwayo Epuripur, na mwaka 2002 kiwanda cha Nile Breweries kikaanza kuutumia kutengeneza bia ya Eagle; wakulima wengi wadogo wakapata soko ambalo hapo awali halikuwapo. Ng'ambo ya ziwa, mjini Mwanza, vipo viwanda vya bia. Mtu akiuliza kwa nini hopsi nayo isilimwe Muleba, anastahili jibu la kitaalamu, wala si kucheka.

Hopsi, ambayo wataalamu huiita Humulus lupulus, ni mmea wa kudumu. Mizizi yake huishi ardhini kwa miaka kumi na zaidi, lakini mashina hufa kila mwaka na kuchipua upya. Mashina hayo hupanda kwa kujizungusha kwenye kamba zilizofungwa juu ya nguzo, na kwa muda wa miezi mitatu hivi hufikia kimo cha meta 6 au 7. Mmea wa kiume na wa kike ni mbalimbali, na kinachotakiwa shambani ni wa kike peke yake, kwani ndio uzaao maua yaliyo mfano wa koni ndogo za msonobari. Chini ya magamba ya koni hizo mna unga wa manjano unaonata, uitwao lupulini, wenye tindikali chungu pamoja na mafuta ya harufu nzuri. Koni zikichemshwa pamoja na maji ya kimea, tindikali hizo hubadilika umbile na kuipa bia uchungu wake. Jambo kubwa zaidi ni kwamba huzuia aina kadhaa za bakteria ziharibuzo pombe. Ulaya ilipokea hopsi hasa kwa ajili ya kuhifadhi bia. Ladha watu waliizoea baadaye.

Hapo ndipo panapoeleweka kwa nini rubisi haikuhitaji kitu cha namna hiyo. Ndizi mbivu hukanyagwa pamoja na nyasi ndani ya mtumbwi wa mti, maji yake huchanganywa na unga wa mtama, na pombe huwa tayari baada ya usiku mmoja au zaidi kidogo. Hunywewa papo hapo. Pombe isiyokusudiwa kukaa ghalani wala kusafirishwa haina haja ya kihifadhio.

Sasa, kizuizi cha hopsi Kagera si udongo, wala si mvua. Bukoba hupata milimeta 2,000 hivi za mvua kwa mwaka, na joto lake si kali. Kizuizi ni jua lenyewe, au kwa usahihi zaidi, ni urefu wa mchana. Hopsi ni mmea unaopima saa. Mchana ukiwa mrefu, hurefusha mashina na kuongeza matawi. Mchana ukianza kufupika, huacha kukua na kutoa maua. Huko Hallertau, Ujerumani, ambako ni moja ya maeneo makuu ya hopsi duniani, mchana wa mwezi Juni hufikia saa 16. Bukoba iko nyuzi 1 na dakika 20 tu kusini ya Ikweta. Tofauti kati ya mchana mrefu kuliko wote na mfupi kuliko wote katika mwaka mzima haifiki dakika kumi. Hopsi iliyopandwa hapo huona saa kumi na mbili na dakika chache, leo na kesho na mwakani, nayo huchukulia kwamba msimu umekwisha kabla haujaanza. Hutoa maua machache ikingali fupi, au husinzia kabisa.

Kwa muda mrefu iliaminika kwamba mmea huu unahitaji pia baridi ya kipupwe ili uchanue vizuri. Imani hiyo ilipingwa mwaka 2019, William Bauerle wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Colorado, Marekani, alipochapisha majaribio yaliyoonyesha kwamba hopsi inaweza kuchanua na kuzaa bila kupitia baridi. Matokeo hayo yana maana kubwa kwa nchi za joto, kwa sababu yanabakiza kizuizi kimoja tu, na kizuizi hicho kinaweza kuondolewa kwa taa. Wakulima wa Brazili wamekuwa wakifanya hivyo katika miaka ya karibuni: taa huwashwa juu ya safu za hopsi kwa saa chache baada ya jua kutua, mmea ukadanganyika kwamba bado ni mchana. Kabla yao, Afrika Kusini ilipitia njia hiyo katika eneo la George, ambako mchana mrefu kabisa ni wa saa 14 na nusu hivi. Huko taa zilitumika, kisha wataalamu wa mbegu wakazalisha aina zinazoridhika na mchana mfupi kidogo, kama ile iitwayo Southern Brewer. Lakini saa 14 na nusu si saa 12.

Basi hopsi inawezekana Kagera? Kwa maana ya maabara, ndiyo. Kwa maana ya mkulima mdogo, hesabu inakataa. Anahitaji nguzo ndefu na waya wa chuma. Anahitaji umeme usiokatika jioni kwa miezi mitatu mfululizo, maana usiku michache ya giza hutosha kuuambia mmea kwamba msimu umekwisha. Anahitaji tanuri la kukaushia, kwa sababu koni huvunwa zikiwa na maji zaidi ya robo tatu ya uzito wake na lazima zishushwe hadi asilimia 10 hivi mara tu baada ya kuchumwa. Kisha anahitaji chumba cha baridi, la sivyo lupulini huharibika. Na baada ya yote hayo, soko ni dogo kuliko linavyodhaniwa. Lita 100 za bia ya kawaida huhitaji gramu 100 hadi 200 tu za hopsi. Hektari moja ikitoa kilo 1,500 za koni kavu, na kila lita 100 zikachukua gramu 150, hektari hiyo moja yatosha bia lita 1,000,000. Wakulima mia wa Muleba wakianza kwa pamoja, watauana bei wao kwa wao kabla ya mwaka wa pili.

Mahali pa hopsi kwa sasa ni katika kituo cha utafiti. Kituo cha Maruku, kilicho chini ya Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania, kiko karibu na mji wa Bukoba na kina umeme. Robo eka yenye taa, aina tatu au nne za mmea, na misimu mitatu ya kuandika takwimu vingegharimu fedha kidogo kuliko hasara ya kijiji kimoja. Kabla ya hapo, mtu amwuziaye mkulima wa Kamachumu miche ya hopsi, bila taa na bila mkataba wa kiwanda, anamwuzia mbuzi kwenye gunia.

Vanila ni habari nyingine. Zao hili lilienea Kagera katika miaka ya 1990, na chama cha wakulima cha MAYAWA, ambacho jina lake ni kifupi cha Maendeleo ya Wakulima, kilikuwa miongoni mwa waliolisambaza. Nchi jirani ya Uganda ilikuwa imekwisha kulijua tangu miaka ya 1940, hasa katika wilaya ya Mukono, ambayo iko juu ya usawa wa bahari karibu sawa na Bukoba. Mmea wenyewe, Vanilla planifolia, ni okidi ya misitu ya Meksiko. Haujali urefu wa mchana. Unapenda kivuli nusu, unyevu wa hewa, udongo laini uliofunikwa majani yanayooza, na mti wa kuukumbatia. Ni vigumu kufikiria mahali panapotimiza masharti hayo kuliko kibanja cha Mhaya. Mgomba hutoa kivuli, matandazo yapo tayari, na mti wa mbono hutosha kuwa nguzo. Hata kiangazi kifupi cha Juni hadi Agosti kina faida, kwani vanila huhitaji kubanwa kidogo na ukame ili itoe maua.

Taabu yake ya kwanza inajulikana kwa wengi. Katika nchi yake ya asili ua la vanila lilichavushwa na wadudu ambao hawapo kwingineko. Kwa sababu hiyo mmea ulipopelekwa ng'ambo ulistawi bila kuzaa, mpaka mwaka 1841, mtoto mtumwa wa kisiwa cha Réunion, Edmond Albius, akiwa na umri wa miaka 12, alipoonyesha namna ya kuinua kiwambo kidogo kilicho ndani ya ua kwa kijiti na kulikutanisha chavua na sehemu ya kike kwa kidole. Biashara yote ya vanila duniani imesimama juu ya ugunduzi huo. Kila ua hufunguka asubuhi moja tu na hunyauka kabla ya jioni. Mkulima asiyefika shambani asubuhi hiyo amelikosa. Mikono iliyozoea huweza kuchavusha maua elfu moja au zaidi kwa siku, na wanawake na vijana wa Kagera waliojifunza kazi hii huifanya kwa wepesi wa kushangaza. Uchavushaji, basi, si tatizo.

Tatizo huanza baadaye, na chanzo chake ni namna tunda linavyokua. Baada ya kuchavushwa, ganda la vanila hurefuka kwa kasi, na katika wiki sita hadi nane huwa limefikia karibu urefu wake wote. Kwa macho, ganda la miezi miwili na ganda la miezi minane hufanana: yote ni ya kijani, yote ni manene, yote ni marefu. Lakini ndani yake ni vitu viwili tofauti. Ile harufu inayolipiwa fedha haimo katika ganda changa. Mmea huanza kulimbikiza glukovanilini, yaani vanilini iliyofungamana na sukari, kuanzia mwezi wa nne hivi, na kilele hufikiwa katika mwezi wa nane au wa tisa. Ganda lililovunwa mwezi wa tano lina uzito karibu sawa na lililokomaa, ila limebeba sehemu ndogo tu ya thamani yake. Na hapana ufundi wa kukausha uwezao kurudisha kitu ambacho hakikuwamo.

Ukaushaji wenyewe ni kazi ya kikemia kuliko ya jua. Maganda yaliyokomaa hutumbukizwa katika maji ya moto ya nyuzi 65 za Selsiasi hivi kwa dakika mbili au tatu, ili yasiendelee kuiva na ili kuta za chembe zivunjike. Kisha hufungwa katika mablanketi yakiwa yangali moto, yakatoa jasho. Hapo ndipo vimeng'enya vilivyo katika ganda hukutana na glukovanilini, kuitenga sukari na kuiacha vanilini huru. Rangi hugeuka kahawia, na harufu huanza kusikika. Hufuata wiki kadhaa za kuanikwa juani kwa saa chache kila siku na kufungwa tena, halafu kukaushwa kivulini taratibu, na mwishowe kufungiwa masandukuni kwa miezi miwili au mitatu. Kilo 5 au 6 za maganda mabichi hutoa kilo 1 iliyokamilika. Ganda changa likipitishwa katika hatua hizi hukonda na kukauka kama kijiti, na mara nyingi huota ukungu.

Kwa nini basi lichumwe likiwa changa? Kwa sababu ya hofu. Bei ya vanila hupanda na kushuka kuliko ya zao lolote ambalo wakulima wa Kagera wamewahi kulijua. Kimbunga Hudah kilipoipiga Madagaska mwezi Aprili 2000, bei ilianza kupanda, na kufikia miaka ya 2003 na 2004 kilo moja iliyokaushwa ilikuwa inauzwa kwa mamia ya dola katika soko la dunia. Mwaka uliofuata ikaporomoka, na wakulima waliokuwa wamepanda kwa matumaini ya bei ile wakaiacha ife vibanjani. Mwaka 2017 kikaja kimbunga Enawo, na mwaka 2018 bei ikafika karibu dola 600. Madagaska ikajaribu kuishikilia kwa kutangaza bei ya chini, utaratibu uliokomeshwa mwaka 2023, na bei ikaanguka chini ya dola 100. Kila bei inapopanda, wezi huingia mashambani usiku. Mkulima aliyelinda maganda yake kwa miezi sita, na ambaye jirani yake ameibiwa juzi, hawezi kulala. Huona heri achume leo apate nusu ya bei kuliko kungoja akose yote. Akichuma yeye, jirani wa pili naye huchuma, maana sasa wezi wamebakiziwa shamba moja. Katika wiki mbili kijiji kizima kimevuna vanila changa. Hakuna aliyekuwa mpumbavu. Kila mmoja alifanya lililo la busara kwake peke yake, na matokeo yake ni mzigo ambao mnunuzi wa ng'ambo hautaki. Kiwanda cha chakula kilichopokea vanila isiyo na harufu hakimlaumu mkulima fulani wa Muleba. Huandika jina la nchi, kisha hurudia vanilini ya kutengenezwa, ambayo imekuwako tangu mwaka 1874 na hugharimu sehemu ndogo sana ya bei.

Kagera inao msiba wa kufanana na huo, na inalo jina lake: butura. Ni desturi ya kuuza kahawa ingali maua juu ya mti, kwa fedha kidogo za haraka, kwa mnunuzi ambaye atakuja kuvuna kwa niaba ya mwenye shamba. Serikali imekuwa ikiipiga marufuku butura miaka nenda miaka rudi, nayo haifi. Haifi kwa sababu haisababishwi na ujinga. Ada za shule hudaiwa Januari, mgonjwa hangoji msimu, na kilio hakina kalenda. Anayehubiri dhidi ya butura bila kusema fedha za Januari zitatoka wapi anapoteza pumzi. Vanila, kwa kuwa na thamani kubwa zaidi na kungojewa kwa muda mrefu zaidi, ni mawindo mazuri zaidi ya mnunuzi wa namna hiyo.

Kwa hiyo wale wanaomwelekeza mkulima jinsi ya kuanzisha shamba dogo la vanila humwanzia mwisho usiofaa. Vijitabu huanza na miche, nafasi kati ya shina na shina, na mboji. Mambo hayo ni ya kweli na yana umuhimu wake. Mkulima wa kando ya ziwa, ambako mvua ni nyingi mno, asipotengeneza mifereji, kuvu ya fusari itaozesha mizizi ya vanila kama jamaa yake ilivyokausha mibuni. Lakini mkulima wa Kagera hahitaji kufundishwa sana kutunza mmea chini ya migomba. Anachokosa hakimo ndani ya kibanja chake. Ni siku ya kuvuna ambayo jirani zake wote wataiheshimu, na mahali pa kupeleka maganda siku hiyo.

Jambo la kwanza ni la sheria ndogo. Halmashauri za Bukoba na Muleba zina mamlaka ya kutunga sheria ndogo za mazao, na hapana sababu ya kuiacha vanila nje. Siku ya kuanza kuvuna itangazwe kwa kila msimu baada ya maofisa ugani kukagua maganda, na kabla ya siku hiyo kununua, kusafirisha au kukutwa na vanila mbichi liwe kosa kwa mnunuzi kuliko kwa mkulima. Tofauti hii ina uzito. Sheria inayomwadhibu mwenye shamba kwa kuchuma mali yake haitatekelezwa kijijini, wala haistahili kutekelezwa. Inayomzuia mnunuzi humnyima mwizi soko, na mwizi asiye na soko halali nje kwa ajili ya maganda. Uganda imekuwa ikitangaza tarehe za kuvuna katika miaka ya karibuni. Ni lazima tarehe za pande mbili zilingane, au angalau zisipishane kwa zaidi ya siku chache, kwa kuwa mfuko wa kilo kumi wa vanila huvuka Mutukula kwa urahisi kuliko gunia la kahawa.

Wapo watakaosema kwamba amri za namna hiyo humnyima mkulima uhuru wa kuuza. Hoja hiyo si ya kupuuzwa katika nchi ambayo wakulima wake wameona amri nyingi zilizowafaidi wengine. Ila uhuru wa kuuza ganda lisilo na harufu ni uhuru wa kupokea bei ya mnunuzi. Mkulima wa Madagaska hutoboa alama zake juu ya maganda mabichi kwa pini zilizochomekwa katika kizibo, na alama hizo hubaki hata baada ya kukaushwa, ili mali iliyoibwa itambulike. Njia hiyo ni rahisi, haihitaji fedha, na inaweza kuanza msimu huu. Hata hivyo, husaidia tu pale ambapo mnunuzi analazimika kuzitazama alama hizo.

Jambo la pili ni fedha za kungojea. Sheria ya Stakabadhi za Maghala ilitungwa mwaka 2005, na msingi wake wafaa vanila kuliko unavyofaa mazao mengi, kwa sababu vanila iliyokaushwa vizuri hukaa miaka bila kuharibika na kilo chache zina thamani ya kutosha kuwekewa rehani. Kituo cha kukaushia kikiwa mali ya chama cha ushirika cha msingi, mkulima anaweza kupokea sehemu ya malipo siku anapopima maganda mabichi yaliyokomaa, na sehemu nyingine vanila inapouzwa. Na kwa yule ambaye shida yake huja kabla ya siku ya kuvuna, mfuko wa kukopeshana wa kijiji umkopeshe kwa dhamana ya maganda yaliyohesabiwa juu ya mti, mbele ya mashahidi. Hiyo, kusema kweli, ni butura iliyobadilishwa mnunuzi: badala ya mgeni mwenye baiskeli na mizani ya mfukoni, anayesubiri ni jirani, ambaye naye hana faida yoyote ganda likichumwa kabla ya wakati.

Ukubwa wa shamba la kuanzia nao uamuliwe na hesabu hii. Mashina 100 yanayotunzwa vyema, kila moja likitoa kilo 1 ya maganda mabichi, hutoa kilo 17 hadi 20 zilizokaushwa. Mkulima apige hesabu yake kwa bei ya baada ya 2023, wala si kwa ile ya 2018. Akiona inamridhisha, apande. Hatakosa usingizi mwaka ambao Madagaska haitapigwa na kimbunga. Asing'oe mbuni hata mmoja kwa ajili ya vanila, kwani mmea huu hauombi nafasi ya mbuni, unaomba tu mti wa kukumbatia. Na miaka mitatu ya kwanza, ambapo hakuna ua lolote, ndiyo miaka ya kuunda kikundi, kwa kuwa baada ya maua kutokea kila mtu atakuwa na haraka.

Vanila inayochavushwa Oktoba huwa tayari kati ya Juni na Julai. Ili tarehe ya kuvuna iwe na nguvu ya sheria katika msimu wowote, madiwani wa Bukoba na Muleba wanapaswa kuwa wameipitisha sheria hiyo ndogo wakati maganda yangali na urefu wa kidole, kabla mnunuzi wa kwanza hajagonga mlango.